Mgombea Atuambie Atafunga Mfereji wa Nani

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi jijini London kwamba serikali itahakikisha Mto Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mto huo ulikuwa umekatika kwa mara ya kwanza kiangazi cha 1993, na tangu hapo kukatika kukawa jambo la kila mwaka. Mwaka 2010 ulipofika, mto bado ulikuwa unakauka. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua mjini Iringa kikosi kazi cha kuunusuru mto uleule. Kiangazi cha 2022 viboko walikuwa wakibanana kwenye madimbwi ya matope ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Siamini kwamba ahadi hizi zilitolewa kwa unafiki. Zilikosa kitu kimoja: hakuna iliyotaja nani atakosa maji ili mto uyapate. Ahadi ya mazingira isiyomtaja wa kukosa hubaki hotuba. Ikifika siku ya kutekelezwa, anayekosa ni yule asiye na mtu wa kumsemea.

Nyanda za Juu Kusini tunahitaji viongozi watakaotanguliza mto, msitu na chemchemi mbele ya ukuaji wa uchumi. Nasema mbele, sisemi sambamba. Neno "sambamba" limetumika kwenye majukwaa kwa zaidi ya miaka ishirini na limetufikisha hapa, kwa sababu vitu viwili vikigombea maji yaleyale mwezi Oktoba, haviwezi kwenda sambamba. Kimoja kitapata na kingine kitakosa.

Anayedhani haya ni mawazo ya kuletewa kutoka nje aisome Sera ya Taifa ya Maji ya 2002. Sera hiyo imepanga foleni. Wa kwanza ni mtu na mahitaji yake ya msingi: kunywa, kupika, kuoga. Wa pili ni mazingira yenyewe, yaani maji yanayoachwa mtoni ili mto uendelee kuwa mto. Umwagiliaji, umeme, viwanda na migodi wako nyuma ya hao wawili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ilifuata mpangilio huohuo, na kabla yake Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilikwishakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Nchi ilishaamua nani atangulie. Kinachokosekana ni kiongozi wa kusimama kwenye banio, yaani lango linalochepusha maji ya mto kuingia mferejini, na kuilinda foleni hiyo wakati mwenye nguvu anataka kuiruka.

Tuangalie jinsi mto unavyokufa, maana hapo ndipo siasa yenyewe ilipo. Mito ya bonde la Usangu, wilayani Mbarali, huteremka kutoka safu za Uporoto na Kipengere: Mbarali, Kimani, Chimala, na Ruaha yenyewe. Ndembera inatoka upande wa Mufindi na kupita Madibira. Yote huelekea kwenye ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, pale N'giriama, ambapo kuna mwamba uliokaa kama kizingiti. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kuelekea hifadhini na hatimaye bwawa la umeme la Mtera. Yakishuka chini yake, mto unakoma siku hiyohiyo, hata kama ndani ya Ihefu bado kuna maji. Mwamba haungoji kikao. Tofauti kati ya mto ulio hai na mto uliokufa ni kina kidogo tu cha maji.

Masika maji ni mengi na mpunga unapata wake bila kuua kitu. Tatizo ni kiangazi. Kipindi hicho mito ya Usangu hutoa kidogo, na mabanio huchukua karibu yote. Sehemu ya maji hayo inaenda kwenye vitalu vya mapema, ili mpunga uwahi soko wakati bei iko juu. Sehemu nyingine inapita kwenye mifereji mirefu ya udongo ili watu wapate maji ya nyumbani na ya kufyatulia matofali, na mengi yanazama ardhini kabla ya kumfikia yeyote. Wataalamu waliochunguza bonde hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliligusa jambo hili. Walisema sababu kubwa ya mto kukauka ni maji yanayochepushwa wakati wa kiangazi, na wakashauri mabanio yafungwe kipindi hicho huku wananchi wakichimbiwa visima vya maji ya nyumbani. Kwa maneno mengine, tiba ilijulikana mapema, na haikuhitaji teknolojia ya ajabu.

Mwaka 2006 serikali ilitangaza mkakati wa kuokoa ardhi na vyanzo vya maji. Hatua iliyoonekana kwa macho zaidi ilikuwa kuwaondoa wafugaji na ng'ombe wao kutoka Ihefu na Usangu. Watu wakasafiri na mifugo yao hadi mikoa ya Lindi na Pwani, wengine wakapoteza kila walichokuwa nacho. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi cha Rais Jakaya Kikwete kuunda tume ya kuyachunguza mwaka 2007. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hifadhi ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Baada ya yote hayo mto uliendelea kukatika kiangazi, kwa sababu mabanio yalibaki wazi.

Hapo ndipo ninapoachana na watu wanaosema kwamba kiongozi wa mazingira ni yule mkali. Ukali tumeuona. Ukali ulimshukia mfugaji, ambaye hana diwani wake, na ukampita mwenye mfereji, ambaye kijijini ana kura na mjini ana jamaa. Mbarali haijapata utulivu hadi leo. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba baadhi ya vijiji vitahamishwa kupisha hifadhi na vyanzo vya maji, na Oktoba 2023 mipaka ya hifadhi ikachorwa upya kwa Tangazo la Serikali namba 754. Benki ya Dunia, iliyokuwa ikigharamia mradi wa kukuza utalii wa kusini kwa mkopo wa dola milioni 150, ilisimamisha fedha Aprili 2024 kutokana na malalamiko ya wananchi, na mradi ukafutwa Novemba mwaka huohuo. Mama mwenye ekari mbili za mpunga aliyeambiwa ahame, huku mashamba makubwa yenye mifereji mipana yakiendelea kupokea maji, hawezi kuniamini nikimwambia mazingira yatangulie. Atajua ni yeye tu anayeambiwa arudi nyuma.

Kutanguliza mazingira, kwa hiyo, kuna sehemu mbili zisizotenganishika. Ya kwanza ni kukubali kwamba kitu fulani cha kiuchumi kitapungua. Ya pili ni kuanza kupunguza kwa anayechukua zaidi. Mgombea anayeitamka ya kwanza na kuinyamazia ya pili anatuandalia uhamisho mwingine.

Wanasiasa wetu wana jibu wanalolipenda: mazingira ndiyo uchumi. Wanatukumbusha 2006, Mtera ilipokauka hadi nchi ikaingia gizani. Ni kweli. Mtambo wa Mtera una megawati 80 na ule wa Kidatu, chini yake kwenye mto huohuo, 204, na wakati huo umeme wa nchi uliegemea maji kwa kiasi kikubwa. Mgawo ule ndio uliozaa mikataba ya dharura ya umeme, na sakata la mmojawapo wa mikataba hiyo lilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mabanio ya Usangu hayakuwa sababu pekee, mvua nazo zilikuwa haba. Lakini hakuna somo la wazi kuliko hilo la kwamba maji yanayopotea Mbarali yanalipiwa Dar es Salaam.

Pamoja na ukweli wake, hoja hiyo siitegemei, na ninaomba wapenda mazingira wenzangu waache kuitegemea. Ukiulinda mto kwa sababu unatoa umeme, utauacha siku umeme utakapotoka kwingine. Siku hiyo imeshafika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, mara saba na zaidi ya Mtera na Kidatu kwa pamoja. Maji yake mengi yanatoka Mto Kilombero, na Ruaha Mkuu unachangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Mtu wa hesabu anaweza kusimama bungeni kesho na kusema Ruaha wa kiangazi hauna tena uzito kwa gridi ya taifa, kwa hiyo maji yabaki Usangu yakuze mpunga. Kwa hesabu za uchumi peke yake sioni jinsi ya kumshinda. Nitamshinda kwa kusema kwamba samaki, viboko, ndege wa Ihefu na wanavijiji wa chini ya N'giriama wana haki ya maji hata kama hawaongezi chochote kwenye pato la taifa. Hiyo ndiyo maana ya mazingira kutangulia, na ndiyo hoja ninayotaka kuisikia kutoka kinywani mwa anayeniomba kura.

Kihansi, kwenye miinuko ya Udzungwa, ilitupa mtihani wa aina hiyo. Ujenzi wa mtambo wa megawati 180 ulianza katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, wanasayansi walimkuta kwenye ukungu wa maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyekuwepo mahali pengine popote duniani. Mtambo ulipowashwa, maji mengi yaliingizwa kwenye handaki, ukungu ukatoweka, na hata mabomba ya kunyunyizia maji yaliyofungwa baadaye hayakuwaokoa. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukamalizia. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini. Aliyebaki alikuwa uzao wa vyura walioruka kwa ndege mwaka 2000 kwenda kutunzwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na mwaka 2012 baadhi walirudishwa kwenye korongo lao.

Watu wengi waliucheka mradi huo: fedha zote hizo kwa ajili ya chura, na hospitali hazina dawa? Swali la dawa ni halali. Lakini tazama mfuatano wa mambo. Uamuzi wa kujenga ulifanywa kwanza, kujua nani anaishi pale kukafuata. Kama uchunguzi wa kina ungetangulia, huenda mtambo ungejengwa kwa namna nyingine tangu siku ya kwanza, kwa gharama ndogo kuliko ile ya kufuga vyura ng'ambo. Ndiyo maana nataka mbunge wa Ludewa, popote atakapotoka, atuambie msimamo wake juu ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga kabla matrekta hayajafika. Simwambii aukatae mradi. Ludewa imesubiri ajira kwa miongo mingi na sina haki ya kuiambia isubiri tena. Ila tathmini ya athari kwa mazingira isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mtu yeyote kusaini fidia, na mbunge awe tayari kusema hapana kama mito ya chini ya mgodi haijapata jibu.

Tuseme gharama waziwazi, kwa sababu tukizificha atakayezisema ni mpinzani wa mazingira, na atazisema kwa ubaya. Mabanio yakifungwa kiangazi, vitalu vya mapema vitapungua na mkulima wa Mbarali atakosa bei ya juu. Vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, vya Kilolo, Mufindi na Njombe vikisogezwa mita 60 kutoka kwenye mkondo, baadhi ya familia zitakosa mboga na mahindi mabichi ya kiangazi, na vinyungu kwa wengi ndivyo ada ya shule. Milingoti, yaani mikaratusi, ikiondolewa kwenye maeneo ya vyanzo vya maji, mtu aliyeipanda akitarajia kuuza nguzo za umeme atapoteza akiba ya miaka kumi. Haya ni maumivu ya kweli. Kiongozi anayetanguliza mazingira ndiye anayetakiwa kufika na bajeti ya visima, fidia ya milingoti na mbegu za mazao yanayokubali mlimani, halafu ndipo aseme "funga". Akifika na askari peke yake, amefanya nusu ya kazi, tena nusu mbaya.

Kuhusu miti nina neno dogo. Upandaji miti umekuwa kipimo kikuu cha uongozi wa mazingira, na kila halmashauri imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ni jambo jema, lakini hakuna anayekosa chochote kwa kupanda mti, kwa hiyo hakutuambii lolote juu ya msimamo wa kiongozi. Mbaya zaidi, mlingoti uliopandwa kando ya chemchemi huhesabiwa kwenye lengo sawasawa na mti wa asili. Njombe na Rungwe sasa wana parachichi, zao lililoinua nyumba nyingi, nami nalifurahia. Miparachichi nayo inahitaji maji kiangazi, na pampu zinaongezeka mitoni. Tusingoje hadi tuwe na Usangu ya pili juu mlimani ndipo tuanze kuuliza nani ana kibali cha kuvuta kiasi gani.

Kuna sababu viongozi wa ngazi ya chini hawasemi hapana, na haihusu tabia zao peke yake. Halmashauri hupimwa kwa makusanyo ya mapato ya ndani. Katika wilaya nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya mapato hayo yanatoka kwenye ushuru wa mazao, mbao na mkaa. Diwani anayesimama kwenye baraza na kutaka mbao zipungue anaambiwa azibe pengo la bajeti. Mkurugenzi anajua kuwa mwisho wa mwaka ataulizwa asilimia ya makusanyo, na hakuna atakayemuuliza chemchemi ngapi bado zinatoa maji. Mbunge anayejali mazingira kweli angepigania kipimo hicho kibadilike: halmashauri zenye vyanzo vya maji ya taifa zilipwe kwa kuvitunza, fedha zikitoka kwa wanaouza umeme na maji yanayozalishwa huko chini. Ninavyoona mimi, hoja hiyo moja bungeni ingeufaa Ruaha kuliko vikosi kazi vitatu.

Tunawachaguaje viongozi wa namna hiyo? Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, chama tawala kilitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Hali ikiwa hivyo, mwananchi anayesubiri siku ya kupiga kura ndipo aulize juu ya mto amechelewa. Uchaguzi wenye ushindani unafanyika kwenye kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya chama, mbele ya wajumbe, na wajumbe ni jirani zetu, wajomba na shangazi zetu. Ndio wanaopaswa kubebeshwa swali. Nami nawaomba wajumbe wa Mbarali, Mufindi, Kilolo na Rungwe wasiulize "una mpango gani na mazingira?" kwa kuwa kila mtu ana jibu la hapo. Waulize: ukiwa mwenyekiti, au diwani, umewahi kumkatalia nani? Alikuwa mtu wa uwezo gani? Una shamba wewe mwenyewe kwenye mfereji gani, na kibali chako kinasema lita ngapi? Mwaka wa ukame, ukipata simu kutoka juu kwamba banio fulani lisifungwe, utafanya nini? Mtu aliyewahi kumkatalia mwenye nguvu atakumbuka jina, mwezi na kilichotokea baadaye. Asiye na mfano hata mmoja anaomba kazi asiyowahi kuijaribu.

Najua swali hili linawaumiza wagombea wazuri pia. Katika kijiji cha mpunga, anayesema atafunga mabanio Oktoba anaweza kupoteza. Ndiyo maana siwaachii wagombea mzigo peke yao. Mji wa Iringa unakunywa maji ya Ruaha Mdogo, na Mbeya mjini wanategemea chemchemi na mito ya milimani. Watu wa mijini wana kura nyingi na hawana mfereji wa kupoteza. Kura zao zikionekana kufuata suala la maji, kiongozi wa kijijini atapata mahali pa kuegemea atakaposema neno gumu.

Viongozi wa vijiji waliochaguliwa 2024 watakaa hadi 2029. Hatuna haja ya kusubiri hadi hapo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote mtu mzima ana haki ya kuhudhuria na kuuliza. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi zake Iringa na ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Katika mkutano ujao, kabla ya Agosti kufika, kila kijiji chenye banio kimtake mwenyekiti alete orodha ya vibali vya mto wake na aisome kwa sauti: jina la mwenye kibali, kiasi anachoruhusiwa, na miezi anayotakiwa kufunga. Ndugu zetu wenye majaruba madogo watashangaa kusikia wako wa ngapi kwenye orodha hiyo. Orodha ikishasomwa, mwenyekiti aulizwe palepale, mbele ya wote, mfereji wa kwanza kufungwa kiangazi hiki utakuwa wa nani, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.